Jade ya Kinsi Nunow

Watu wa Garissa waliomjua Kinsi Nunow watakwambia mambo mawili. Kwanza, aliuza maziwa yasiyotiwa maji. Pili, na hapo sauti itashuka kidogo, hakuwa mtu wa kuchezewa. Akiguswa aligusa, tena mahali panapouma. Anayetaka kumlaumu kwa hilo na aanze kwanza kuyapata yaliyompata, kisha tukae tuzungumze.

Baba yake alikuwa mchochea moto wa meli. Naam, Nunow, mtoto wa wafugaji wa Balambala, ambaye maji mengi aliyoyaona utotoni ni ya Tana ikifurika, alifika Aden ujanani, akaandikwa kazi kwenye meli ya Waingereza, akatia makaa ya mawe tanurini huku na huko duniani mpaka Hong Kong. Aliporudi nyumbani alikuwa na kikohozi kisichokwisha, fedha za kununulia ngamia, na bangili moja ya jiwe la kijani aliyoifunga ndani ya kilemba. Wazungu huliita jiwe hilo jade. Wachina aliochochea nao moto waliliita yuk, na Nunow akaling'ang'ania jina hilo mpaka kambi nzima ikawa inamwita Nunow Yuk.

Kilichomteka si jiwe lenyewe, bali jinsi wale watu walivyolitia mdomoni. "Sisi tuna ngamia," alikuwa akimwambia bintiye. "Mtu mvumilivu ni ngamia, fidia ya damu ni ngamia, mahari ni ngamia. Wao hawana ngamia, maskini. Wana hilo jiwe." Mwanamume mrefu mwenye sura wanamwita mti wa jade uliosimama kwenye upepo. Mwezi ni sahani ya jade. Mkubwa akitamka neno lisilorudi nyuma, wanasema ana kinywa cha dhahabu na maneno ya jade. Hata mungu wao wa mbinguni wamempa jina hilo, na akifika hapo Nunow alisema astaghfirullah, akakohoa, kisha akaendelea. Msichana mzuri wa watu wa kawaida wanamwita jade ya kijumba. Hilo ndilo jina alilompa Kinsi, na Kinsi akavimba kichwa nalo tangu utoto.

Kichekesho ni kwamba bangili yenyewe haikumwingia. Kule kwa Wachina, Nunow alieleza, bangili ya namna hiyo huvishwa mara moja tu. Mkono hupakwa mafuta, vidole hubanwa pamoja, watu wanasukuma, na ikishapita fundo la kidole gumba haitoki tena mpaka kufa, au mpaka ivunjwe. Kinsi alijaribu kwa maji, akajaribu kwa samli, akajaribu huku analia. Mikono yake ilikuwa ya kupasulia kuni, na jiwe halitanuki. Basi ikawekwa ndani ya chombo cha zamani cha maziwa, imezongwa kitambaa, ikimngoja binti atakayemzaa.

Ilikuwa na doa, alama ya kahawia mfano wa jani la chai lililonasa ndani. Mchina aliyemuuzia Nunow hakulificha. Lugha yao ina neno maalumu la doa la jade, na wakimsifu mtu mwema mwenye kasoro yake moja, husema doa halikuufunika mng'aro. Kinsi alilipenda lile doa kuliko jiwe zima. Angeweza kulichora gizani.

Kisha ikaja vita. Waliotaka jimbo lao la kaskazini lijitenge walishika bunduki, redio ikawaita shifta, yaani majambazi, na muda si muda kila mwenye ngamia na kilemba akawa shifta mpaka athibitishe vinginevyo. Jama, mume wa Kinsi, hakuwa na bunduki. Alikuwa na ngamia, maneno mengi, na urefu uliomfanya Kinsi amkumbuke baba yake na ule mti wa kwenye upepo kila alipomwona akirudi machungani. Walikuwa hawajajaaliwa mtoto, lakini walikuwa hawajakata tamaa.

Barre aliingia kambini kwao kama mgeni. Alikuwa dalali wa mifugo, ulimi wake umepakwa asali, mjuzi wa kila kisima kati ya Balambala na Garissa. Jama alimchinjia mbuzi. Akalala kwao, akanywa maziwa yao, akauliza ngamia wanalishwa upande gani siku hizi na nani mwingine amepiga kambi karibu. Jama alimjibu yote. Mgeni hafichwi kitu. Akamtolea hata bangili aione. Barre aliigeuzageuza, akalicheka lile doa, akairudisha.

Siku chache baadaye Kinsi alikwenda mtoni na punda kuteka maji. Milio ya bunduki ilimkuta njiani akirudi. Alipofika, askari walikuwa wameshaondoka. Vibanda vilikuwa vinafuka moshi, ngamia wamelala wote kwa risasi, hata ndama, na Jama alikuwa kifudifudi karibu na zizi. Alimchimbia kaburi kwa sufuria na kwa kucha. Halafu akachekecha majivu ya kibanda chake akilitafuta jiwe la baba yake, mpaka ngozi ya vidole ikabanduka. Hakuliona. Akasema moyoni kwamba askari wamelichukua, basi.

Vita ilipozidi, watu wa porini waliamriwa kuhamia kwenye vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, karibu na kambi za askari. Kinsi akaangukia kijiji kimoja pembeni mwa mji wa Garissa. Jamaa wa mbali walimwachia ng'ombe wawili wa kukamua, naye kila asubuhi akapeleka maziwa mjini, akipekuliwa langoni na askari wa bara ambaye kila siku alimwona kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

"Mama, nini hiyo?"

"Masiwa, afande. Masiwa ya jana, masiwa ya leo. Hakuna banga, hakuna bunduki. Wewe naonja, mimi nabita."

Askari alionja, tena si kidogo, na Kinsi akapita. Alimchekea usoni na kumlaani moyoni, na yote mawili aliyafanya kwa ukamilifu.

Ilikuwa kwenye foleni ya maji ndipo alipomwona Amino. Alikuwa mke mpya wa Barre, mwanamke mwembamba wa kucheka kwa urahisi, wa ukoo mkubwa kuliko koo zote za pale kijijini. Barre alikuwa amejitafutia kivuli kizuri cha kujificha. Amino aliinua debe, shuka ikateleza, na mkononi mwake ikaonekana bangili ya kijani.

"Mashallah, abaayo, dada yangu," Kinsi akasema. "Umepata wapi pambo hili?"

"La harusi, eeddo." Amino, akimwita shangazi kwa heshima, aliunyoosha mkono kwa fahari. "Barre aliniletea. Niliivishwa kwa samli, wanawake wakanisukuma mpaka nikalia! Mkono ulivimba, wallahi. Sasa haitoki hata nikitaka."

"Aliinunua?"

"Anasema aliiokota porini. Si bahati hiyo, eeddo?"

Kinsi alimshika mkono, akaugeuza kwenye jua. Jani la chai lilikuwa pale pale. "Ni bahati," akasema.

Mtu aliyeokota bangili ile aliiokota kwenye majivu ya kibanda cha Kinsi, kabla Kinsi hajarudi kutoka mtoni. Na mtu aliyekuwapo kambini wakati huo alikuja na askari, mbele yao, akiwaonyesha njia. Hakuhitaji shahidi mwingine. Damu ilimchemka hata debe la maji likawa jepesi kichwani. Hebu tuseme waziwazi: alitaka Barre afe, afe taratibu, na afe akijua kwa nini.

Njia ilikuwapo. Kijijini kila mtu alimjua wa kumnong'oneza ili neno lifike kwa wenye bunduki porini, na msaliti aliyefikiwa na neno hilo hakuamka kesho yake. Lakini kijiji cha jirani kilikuwa kimeshajaribu. Msaliti aliuawa, askari wakaja, na hawakumwuliza mtu jina. Walichoma nyumba zote, ya mwenye hatia na ya kikongwe asiyeona. Nunow alikuwa na usemi wa Kichina wa mambo kama hayo, pale moto usipochagua: jade na mawe vimeungua pamoja. Kinsi aliwatazama majirani zake, watoto wao, mbuzi wao waliobaki, akaumeza uchungu wake. Aliumeza tu, hakuutema. Alikuwa anautafutia mahali.

Akaenda kwa wazee.

Mikutano ilikuwa imepigwa marufuku, kwa hiyo kesi zilisikilizwa uani mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa, harakaharaka, kabla askari hawajaanza kushangaa watu wanafanya nini humo. Aliyeongoza ni Noordin, mzee mkali sana mbele ya wanawake na mpole sana mbele ya sare. Kwa desturi mwanamke husemewa na mwanamume wa kwao. Wanaume wa kumsemea Kinsi walikuwa wamekwisha, wengine kwa njaa na wengine kwa risasi, basi akaruhusiwa kukaa nyuma ya shuka iliyotandazwa kwenye kamba na kujisemea mwenyewe.

Alisema yote. Mbuzi aliyechinjwa, maswali yaliyoulizwa, majivu, doa. Barre akajibu kwamba bangili aliuziwa na askari.

"Mkeo ulimwambia uliiokota," Kinsi akasema kutoka nyuma ya shuka.

Noordin akaagiza Msahafu uletwe, Barre aape kwamba hakuwaongoza askari. Barre aliutazama Msahafu, akatazama chini. Mtu anaweza kumuuza mwenyeji wake akiwa bado ana ladha ya maziwa yake mdomoni, na bado akaogopa kuapa uongo. Mungu ana viumbe vya ajabu! Akasema hataki kiapo, anataka amani. Yuko tayari kulipa ngamia, watakaosemwa na wazee.

Alikuwa na sababu. Pasipo amani ya wazee, ukoo wa Amino ungemtema, na mtu kama yeye akitemwa, neno la kwenda porini halihitaji kunong'onezwa. Lingejiendea lenyewe.

"Sitaki ngamia wake," Kinsi akasema. "Ngamia wangu alishawapeleka kwenye risasi. Damu pia siidai, nimemwachia Mungu. Nadai jiwe la baba yangu. Lirudi mkononi mwangu zima, bila ufa, bila kupunguka hata kipande. Siku nitakaposema nimepokea, yameisha."

Baba yake alikuwa amemfundisha hilo. Wachina humsifu mtu aliyerudisha amana bila mkwaruzo kwa kusema amerudisha jade nzima, na nyuma ya usemi huo kuna kisa cha jiwe moja lililotamaniwa na wafalme mpaka likapewa bei ya miji iliyofuatana. Wazee hawakuyajua hayo. Walichosikia ni mjane mpumbavu anayeacha kundi la ngamia kwa ajili ya kipande cha jiwe, na Noordin nusura acheke kwa furaha. Akalaza fimbo yake chini baina ya pande mbili, na fimbo ikishalazwa, neno halibadilishwi na yeyote. Mpaka Kinsi atamke nimepokea, Barre hatakula sahani moja na mtu, hatasimama safu moja na mtu, na akifa hatakuwa na wa kumwosha.

Barre naye alishusha pumzi. Bangili! Angeirudisha kabla ya chai.

Nyuma ya shuka Kinsi alikuwa ameuma midomo asicheke. Jiwe halitoki likiwa zima mkononi mwa mtu mzima. Angelivunja, angekuwa hajarudisha. Asingelivunja, angekaa nalo. Barre angekuwa mdaiwa mpaka kaburini, na kaburi lenyewe angelikosa.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu kwa Kinsi kuliko asali, na sitasema uongo kumpamba. Kutoka nyumba ya Barre ilisikika samli ikilaaniwa, sabuni ikilaaniwa, Amino akilia. Wanaume walipakua chakula, wakamwona Barre anakuja, wakafunika. Msikitini alisimama peke yake nyuma ya safu kama viatu. Kinsi alipita na maziwa, akauza nyumba ya kulia kwake, akauza nyumba ya kushoto kwake, na mlangoni kwake akapita taratibu, chombo kimejaa, bila kugeuza shingo.

Kilio cha Amino alikisikia. Alijiambia sabuni inawasha. Jioni moja kilibadilika, kikawa ukelele mmoja mrefu, halafu kimya, na Kinsi akasimama na kata ya maziwa mkononi. Halafu akaendelea kupima maziwa.

Ijumaa iliyofuata Barre alifika uani mwa msikiti kabla ya kuitwa. Alikuwa amebeba bangili juu ya kitambaa safi. Noordin aliipokea, akaigeuza, akaigonga kwa ukucha ikalia vizuri. Haikuwa na ufa. Nyuma, karibu na mlango, alisimama Amino, mkono wa kulia umezungushiwa matambara, na mahali pa kidole gumba palikuwa pamebonyea ndani kama tandiko lililokaliwa. Alikuwa hachekelei tena chochote.

"Ni zima," Noordin akasema. "Kinsi, jiwe lako hili. Sema umepokea tumalize, watu wana kazi."

Lile jiwe likapitishwa chini ya shuka, likatua kiganjani mwake, baridi. Lilikuwa lile lile, doa lile lile. Kila mtu alingoja neno moja. Kinsi aliinua ukingo wa shuka, akamwona Barre. Barre alikuwa anatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo tu, la dalali aliyefunga biashara ngumu, lakini Kinsi aliliona, na hasira iliyompanda pale haikuwa imewahi kumpanda hata siku ya majivu.

Akasimama. Akatoka nyuma ya shuka, mbele ya wanaume wote, akaenda kwenye kizingiti cha saruji cha msikiti, akaipigiza bangili kwa nguvu zake zote. Vipande viliruka mpaka kwenye viatu vya watu.

"Sikupokea," akasema.

Ua ukalipuka. Noordin alipiga kelele kwamba mwanamke huyu ameingiwa na wazimu. Barre alipiga kelele kwamba amerudisha, wote wameona, jamani si wote wameona? Katikati ya zogo hilo ndipo Billow, kaka yake Amino, aliyekuwa amefika kutoka mjini saa hiyo hiyo, alipomshika dada yake begani na kufungua matambara.

Billow akauliza, "Nani amefanya hivi?"

Amino alimtazama Barre. Kwa watu wale, mke aliyevunjwa mfupa ni jeraha la ukoo wake mwenyewe, si mali ya mume, na ukoo uliokuwa ukimfunika Barre ndio huo uliokuwa sasa umemsimamia kichwani. Billow alivua shuka yake, akamfunika dada yake, akamwambia Barre kwamba akimkuta ndani ya seng'enge baada ya sala ya alasiri, kesi itakuwa nyingine.

Alasiri haikumkuta. Alikimbilia kambi ya askari bila hata ndara. Lakini dalali asiyeweza tena kukanyaga kisimani ana faida gani kwao? Wakampa mitungi awe anawatekea maji na kuwafagilia jiko. Kinsi alipopita langoni na maziwa yake alimwona, amekonda, akiitwa kwa miluzi, na kila siku alipunguza mwendo ili amtazame vizuri. Huyo askari wa kuonja alipata maziwa ya ziada bila kujua ni sadaka ya nini.

Hivyo ndivyo Kinsi Nunow alivyolipiza. Wengi huishia hapo wakisimulia, wakapiga makofi. Mimi siwezi, kwa sababu Amino alikuja.

Alikuja asubuhi, Kinsi akiwa anakamua. Alichuchumaa mbele yake, mfupa umeshaunga vibaya, vidole vimejikunja havifunguki.

"Eeddo, ulijua haitoki?"

Kinsi aliendelea kukamua. "Nilijua."

"Ulijua kabla hujawaambia wazee."

"Ulinieleza mwenyewe kwenye foleni ya maji."

"Na Barre ulimjua kuliko mimi," Amino akasema. "Mimi niliolewa naye, lakini wewe ndiye uliyejua ni mtu wa namna gani."

Kinsi aliacha chuchu za ng'ombe. Alitaka kumwambia kuhusu Jama, na kaburi la kuchimbwa kwa sufuria, na jinsi moto huu ulivyowashwa kwanza na Barre. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofika mdomoni. "Nilimjua," akasema.

Amino aliunyanyua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya goti la Kinsi.

"Ngamia sitaki," akasema. "Nadai mkono wangu. Nirudishie mzima."